Mwaka Niliokimbia na Bastola Kiunoni

Simu ya Neema ilinikuta jikoni, hapa Buffalo, nikipasua kwa kisu pakiti ya sombe, majani ya muhogo, iliyoganda kama jiwe. Hakulia. Alisema tu, "Maman, mama ametuacha. Leo asubuhi." Neema ni binti wa Mama Ombeni, na Mama Ombeni alikuwa rafiki yangu kabla hajaacha kuwa rafiki yangu. Nikauliza kama naweza kuja kwenye matanga. Nikasikia watu nyuma yake wakihamisha viti. "Mama alisema uambiwe," akajibu. "Kusema ukweli, hakusema uitwe." Nikamshukuru kwa kuniambia ilivyo. Kisha nikakaa. Sombe ikayeyuka juu ya meza, maji yake ya kijani yakatiririka mpaka sakafuni, na mimi ambaye sivumilii uchafu jikoni kwangu sikuyapangusa.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la tatu, na haya ninayaandika kwa herufi kubwa, mjukuu wangu atayapiga kwenye kompyuta. Lakini nimelisha watu tangu nikiwa na miaka kumi na tano, nimeuza mawese sokoni kwa jua na kwa mvua, na nyumba ninayokaa hapa Lower West Side ni yangu, sikupewa na mtu. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba ninapokiri kosa, silikiri kwa mazoea. Mwaka ule wa 2015 nilikuwa na miaka hamsini na moja. Wengine wakisema ujana wanasema miaka ishirini. Mimi ile ishirini niliimaliza nikibeba madumu kichwani. Ujana wangu, kama niliupata, niliupata Louisville, kule Kentucky, katika viatu vya kukimbilia.

Daktari ndiye aliyeanza. Alinikuta na sukari, akaniambia nitembee. Nikatembea miezi miwili, sukari haikusogea. Akasema basi kimbia, taratibu, kila asubuhi. Nilimweleza Mama Ombeni, ambaye alikaa mlango wa tatu kutoka kwangu na tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, zamu ya mchana. Alinitazama kama nimerukwa na akili, halafu kesho yake saa moja asubuhi akagonga mlango, amevaa suruali ya kubana na kitenge juu yake, amekipandisha mpaka magotini. Sisi wanawake wa kanisa letu hatukuvaa suruali peke yake barabarani, kwa hiyo tulikimbia na vitenge, viwili viwili, cha ndani na cha nje, kama tunavyovaa siku zote. Wazungu waliokimbia na mbwa wao walitupisha njia na kutusalimia. Waliotucheka walikuwa wetu. Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alituuliza mbele ya wenzake wote, "Nasikia siku hizi munakimbiaka asubuhi. Nani anawafukuza?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Ombeni akajibu bila kugeuza shingo, "Miaka yote ile ya vita tulikimbiaka bure. Sasa tunakimbia kwa faida ya damu." Wakaacha kucheka. Alikuwa na ulimi wa namna ile. Alikuwa akisema neno moja, chumba kizima kinatafuta pa kuangalia.

Mwezi wa nne watoto wake walipata kazi kwenye ghala huko Columbus, wakahamia naye mtaa wa Linden, nyumba ya zamani ya mbao yenye baraza mbele. Siku ya kupakia gari alinishika mkono akasema, "Bon, haya, usiache. Ukiacha nitajua." Sikuacha. Nikaanza kukimbia peke yangu, na hapo ndipo lilipokuja lile gari la mizigo la kijivu. Mara ya kwanza lilipita polepole na dirisha wazi. Mara ya pili lilikwenda sambamba nami mtaa mzima, mwanamume ndani akisema maneno ambayo sikuyaelewa yote, na yale niliyoyaelewa siyaandiki. Mara ya tatu alikuwa amesimama nje ya gari kwenye kona ambayo lazima nipite. Alinishika mkono juu ya kiwiko. Nilimng'ata. Sina aibu ya kusema hivyo. Nilimng'ata kidole mpaka akaachia, nikakimbia hadi kituo cha basi ambako palikuwa na watu, na ladha ya mkono wake ilikaa kinywani mwangu mpaka jioni. Riziki, binti yangu, aliita polisi. Walikuja wawili, wapole, wakaandika. Rangi ya gari, kijivu. Namba ya gari, sikuiona. Mrefu au mfupi? Nikasema alikuwa mrefu kuliko mimi, na wanaume wote ni warefu kuliko mimi. Wakaacha karatasi mezani na kuondoka.

Riziki alitaka niache kukimbia. "Kimbia hapa ndani, maman. Nitakununulia ile mashine ya kukimbilia." Nikamwambia sikuvuka maji yote yale ili nije kukimbia mahali pamoja kama panya. Huo ndio ukweli wa jambo lenyewe, na wote walionisikia baadaye nikisema nilitaka usalama walisikia nusu. Nilitaka usalama, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa na hasira kwamba mtu mmoja ndani ya gari anaweza kunipangia asubuhi yangu. Nilishapangiwa asubuhi na watu wenye silaha. Safari hii nilitaka mwenye silaha niwe mimi.

Nilimwendea Hamisi. Hamisi alikuwa Mtanzania wa Tanga, Mwislamu, mlinzi wa usiku kwenye ghala moja, na ndiye mtu pekee niliyemjua aliyebeba bastola kwa kazi. Kiswahili chake kilinyooka mpaka mimi nikisema naye nilihisi nimevaa viatu vya kushoto na kulia nimevibadilisha. Aliniamkia shikamoo kila mara, hata kwenye simu. "Mama Riziki," akaniambia, "kununua ni rahisi, hapa Kentucky utanunua kama unavyonunua jiko. Kubeba ukiwa umeificha ndiyo kuna darasa na kibali. Na kukimbia nayo, mama yangu, hapo sijui. Mimi nakaa kwenye kiti."

Duka lilikuwa na zulia, harufu ya mafuta ya mashine na kahawa iliyokaa sana kwenye moto. Bastola zilikuwa chini ya kioo, zimepangwa kama saa za mkononi. Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, hana haraka. Hamisi alipomweleza kwamba mama huyu anataka kitu kidogo cha kukimbia nacho, yule mzee hakucheka. Akaweka kitambaa juu ya kioo na kuleta tatu. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya waridi. Nikamwambia Hamisi, "Muambie mimi siko mutoto wa siku ya kuzaliwa." Hamisi akatafsiri, sijui alisema nini, lakini ile ya waridi ikarudi chini. Ya pili ilikuwa bapa, nyembamba kama kitabu cha nyimbo, risasi zake zinakaa ndani ya mpini. Muuzaji akaonyesha jinsi ya kuvuta sehemu ya juu kwenda nyuma, akasema wanawake wengi wanashindwa. Nikaivuta mara tano. Akainua nyusi. Mikono iliyokamua mawese haishindwi na kibati. Ya tatu ilikuwa nyeusi, fupi, nene katikati, yenye ile ngoma inayozunguka na matundu matano. Haikuwa na kitu cha kuvuta wala cha kufungua. Kuna kifyatulio tu, pale kidole kinapokaa, na kifyatulio hicho kilikuwa kigumu. Nilikivuta ikiwa tupu, kidole kikatetemeka.

"Chukua hii bapa, mama," Hamisi akasema. "Laini. Ukiwa na hofu kidole hakina nguvu. Hii nyeusi utahangaika nayo."

"Muulize nikitoka jasho itashika kutu?"

Wakazungumza. "Anasema zote zitashika. Upanguse kila siku ukirudi."

"Muulize kama naweza kujaribu kukimbia nayo humu ndani."

Hamisi akanitazama. "Mama."

"Kiatu unajaribu. Hiki ndicho unanunua kwa macho?"

Basi nikaikunja ile bapa, tupu, kwenye ukingo wa kitenge changu cha nje, nikazungusha na kukaza kiunoni kama nilivyokuwa nikikaza pesa za sokoni, nikakimbia kati ya rafu za makoti na kofia, kwenda na kurudi. Wanaume wawili waliokuwa wakitazama bunduki za kuwindia waliacha kutazama bunduki. Ile bapa iligonga mfupa wa nyonga kila hatua, kama mtu anayebisha hodi. Nikajaribu ile nyeusi. Yenyewe ilikaa kwenye nyama, hapa juu ya paja, ikatulia. Nikasema hii. Nataka niliandike vizuri, kwa sababu baadaye watu waliniambia nilichagua kwa hekima. Sikuchagua kwa hekima. Nilichagua kwa ajili ya mfupa wa nyonga.

Yule mzee akaleta mkanda mpana wa kuvaa tumboni, wenye mfuko mgumu wa kutia bastola. Alisema kwa dakika nyingi. Hamisi akafupisha, "Anasema huu mfuko ndio unaofunika kifyatulio. Kitambaa kinaingia, kidole kinaingia, kitu chochote kinaingia. Anasema bastola bila mfuko asingeibeba yeye mwenyewe, na ameuza miaka thelathini." Nikauchukua ule mkanda, nikauvaa siku mbili. Uliniunguza ngozi na kunibana pumzi. Siku ya tatu niliuweka kwenye droo ya vijiko. Nilijiambia kwamba kiuno changu kilibeba mali kabla Mmarekani huyu hajauza bastola yake ya kwanza, na haijawahi kudondoka hata noti. Ilikuwa kweli. Lakini noti haina kifyatulio.

Darasa la kibali lilikuwa siku nzima ya Jumamosi, Riziki pembeni yangu akinong'ona tafsiri. Mwishoni tulipiga risasi kwenye karatasi yenye umbo la mtu. Mwalimu, mwanamke mwenye kofia, alitazama matundu yangu akamuuliza Riziki kama nimewahi kupiga risasi kabla. Riziki akanigeuzia swali. Nikasema, "Hapana. Mimi nimepigiwa tu." Riziki hakutafsiri. Alisema neno moja fupi la Kiingereza, na mwalimu akatia sahihi.

Nilikimbia nayo mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Ningependa kusema nilikuwa mtulivu. Wiki ya kwanza nilikuwa mtulivu. Halafu nikaanza kupita mitaa niliyokuwa naikwepa. Nikaanza kupunguza mwendo kwenye ile kona. Ilinichukua muda kujua ninachofanya, na nilipojua sikumwambia mtu. Nilikuwa namtafuta. Nilitaka lile gari la kijivu lije. Kila asubuhi lisipokuja nilirudi nyumbani nimeudhika, kama mtu aliyepika na mgeni hakutokea. Halikuja tena kamwe. Siku moja nilisikia viatu nyuma yangu, vya haraka, na mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkunjo wa kitenge kabla sijageuka. Alikuwa kijana na nyaya masikioni. Akanipita, akasema habari za asubuhi, akaendelea. Nikautoa mkono. Kisha nikakaza kitenge, nikamaliza mbio zangu. Mtu mwenye akili angepata somo pale. Mimi nilijisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi.

Mwezi wa kumi mama yake Mama Ombeni akafa huko Uvira, mzee sana, kitandani kwake. Matanga yakawekwa Linden. Nikaenda na Riziki kwa gari, tukafika Ijumaa. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa barazani na viti vya kukunja, wanawake ndani. Sebuleni walikuwa wametoa makochi yote na kutandika magodoro na mikeka, picha ya marehemu juu ya meza ndogo yenye mshumaa, na Mama Ombeni amekaa chini yake, kichwa amekifunga, miguu ameinyoosha. Jikoni palikuwa na sufuria ya sombe kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto, ndagala, hao dagaa wa kwetu, zinakaangwa, na mtu anageuza ugali kwa mwiko wa urefu wa mkono. Nilipoingia Mama Ombeni alinyoosha mikono bila kuinuka. Nikapiga magoti, tukagusana vichwa kulia, kushoto, kulia. Akanusa shingo yangu. "Hukuacha kukimbia," akasema. Nikasema sikuacha. "Unaona sasa, nilijua." Tulilia pamoja vizuri siku ile, kama inavyotakiwa.

Jumamosi asubuhi nilitoka kukimbia mitaa ya Linden, kwa sababu daktari hajui matanga. Niliporudi ilikuwa nipande juu nikaoge na kuifungia bastola kwenye sanduku langu, ndivyo nilivyopanga. Mlangoni nikakutana na mama wawili wamebeba sufuria kutoka gari, wakaniambia mchungaji amefika, ibada inaanza, njoo haraka shika huku. Nikashika. Tukaingia na sufuria, wimbo ukaanza, na mimi nikakaa mkekani kati ya wanawake na jasho langu, kiuno kikiwa kama kilivyokuwa barabarani.

Nyuma yangu alikuwa Neema. Alikuwa na watoto wawili wakati ule, Imani wa miaka mitatu na mchanga wa miezi minne, na yule mchanga alikuwa analia. Akanigusa bega. "Maman, nipatie kitenge moja nimubebe mutoto." Kila mwanamke wa kwetu anayesoma hapa amekwisha jua kilichofuata. Mwanamke akiomba kitenge cha kubebea mtoto huulizi, hufikiri, hupapasi. Unavua cha nje, kwa maana ndiyo sababu unavaa viwili. Nimevua kitenge namna ile maisha yangu yote, nikiimba, nikiongea, nikiwa nusu usingizini. Mkono ulikwenda wenyewe ukafungua fundo. Nikasikia uzito ukiteleza pajani.

Ilianguka kwenye sakafu ya mbao, pale mkeka unapoishia, kwa sauti ya kopo lililojaa maziwa. Ikazunguka mara moja ikasimama katikati ya chumba.

Hakuna aliyepiga kelele. Nimejaribu mara nyingi kumweleza Riziki, ambaye alikuwa barazani na hakuona, jinsi chumba kile kilivyokuwa. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Na wanawake wote, labda thelathini, wengine wazee kuliko mimi, walilala. Walilala chini kifudifudi, bila kusukumana, kila mmoja akimvuta mtoto wa karibu chini yake, kama watu waliofanya zoezi hilo jana. Mama mmoja alifunika mshumaa kwa kiganja chake akauzima. Mikono juu ya vichwa. Hawakuwa wamejua bado ni ya nani wala imetoka wapi. Miili yao haikuhitaji kujua.

Aliyebaki amesimama alikuwa Imani peke yake. Alizaliwa Kentucky. Alifikiri ni mchezo, akacheka akiwatazama wakubwa wamelala. Halafu akaona kitu kimeanguka, na akaona kimeanguka kutoka kwa nani, na akafanya alivyofundishwa na bibi yake. Akakiokota kwa mikono miwili. Akaja kwangu nacho, akapiga goti kidogo kama mtoto mwenye adabu anayempa mkubwa kitu, akakinyoosha. "Koko," akasema, yaani bibi, "shika." Mdomo wa bastola ulikuwa unamtazama yeye, hapa chini ya kidevu. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye kifyatulio.

Alijua Kiingereza kuliko Kiswahili, na mimi wakati ule Kiingereza changu kilikuwa cha mashuka na sabuni. Sikujua kusema achia. Sikujua kusema usibane. Nikafanya kitu kimoja nilichojua yeye na mimi tunaelewana. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa, nikakusanya viganja vyangu viwili chini ya vyake kama mtu anayepokea chakula, nikangoja. Mtoto aliyefundishwa vizuri hampokonyi mkubwa wala hamtupii, anaweka. Akaweka. Nilihisi uzito ukiingia mikononi mwangu na vidole vyake vikitoka kimoja kimoja. Akabaki amesimama ananitazama, anasubiri. Nikasema asante. Ndipo akaridhika akaenda kwa mama yake.

Na kama ingekuwa ile bapa, yenye kifyatulio laini... Siongezi neno hapo.

Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta vitenge. Aliyechelewa kuinuka ni Mama Ombeni. Alikuwa amelala chini ya picha ya mama yake, shavu kwenye godoro, na macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Mumewe aliuawa mbele yake kwa kitu kifupi kama kile. Nilikuwa najua. Nilijua tangu kabla hatujawahi kuvaa viatu vya kukimbilia.

Tulizungumza jikoni, baada ya mimi kuzitoa zile risasi huko nje. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, ananipa mgongo, anafunga ugali na ndagala kwenye karatasi ya foili.

"Ilikuwa na risasi?"

"Ilikuwa nazo."

"Ngapi?"

"Tano."

"Bon." Akakunja karatasi, pembe moja, pembe nyingine. "Chakula ya njia ni hii. Riziki alete gari."

"Mama Ombeni, acha nikueleze. Kuna mutu alinikamata. Niko peke yangu barabarani. Weye uliondoka."

"Uliogopa. Naelewa." Ndipo akageuka. "Hata wale wenye bunduki kule kwetu walikuwaka wanaogopa, Mama Riziki. Unakumbuka sura zao? Batoto tu, wanatetemeka kuliko sisi. Njo maana walipigaka risasi." Akaniwekea kile chakula mikononi, kwa mikono miwili. "Sina ubaya na weye. Lakini kwangu usikanyage."

Nilikuwa na majibu. Nina majibu siku zote. Nilifungua mdomo nikaona mama yule aliyezima mshumaa ameketi pembeni, ameweka kiganja chake ndani ya bakuli la maji. Nikatoka na kile chakula.

Riziki aliendesha mpaka tukavuka mto kuingia Kentucky. Wiki ile Hamisi aliirudisha bastola dukani kwa niaba yangu. Alitaka kunifariji. "Mama, kosa lilikuwa mfuko tu. Ungevaa ule mkanda lisingetokea." Ni kweli, na yule mzee wa ndevu aliniambia mapema. Sisemi watu wasibebe. Nawajua wanawake wanaokimbia na bastola kwenye mkanda wake unaostahili, na wamekaa vizuri, na siwahukumu. Mimi nasema juu yangu. Nilitaka kitu cha kumzuia mtu mmoja, nikakipeleka katikati ya watu ambao miili yao ilikuwa bado inakimbia. Na nilijiona mjanja kuliko muuzaji kwa sababu ya fundo la kitenge.

Nilikimbia mwezi wa kumi na moja bila kitu. Niliogopa kila hatua. Nilifika kwenye ile kona nikaipita kwa kasi kama mtu mwingine yeyote mwenye hofu, na hofu ile, nisipokuwa na cha kushika, angalau ilinipeleka nyumbani. Mwisho wa mwaka Riziki akapata kazi hospitali huku Buffalo, nikaja naye, kwenye theluji. Kila Krismasi nilimtumia Mama Ombeni salamu kupitia watu wa kanisa. Kila Krismasi walirudi wakisema, "Amesikia." Miaka kadhaa baadaye walihama Linden wakaenda Reynoldsburg, kando ya Columbus, kwenye nyumba za ghorofa karibu na maduka, na hilo pia niliambiwa na watu.

Basi, baada ya simu ile ya Neema, nilikwenda. Riziki aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia washa gari. Saa tano za barabara nilikuwa najaribu sentensi za kusema mlangoni, na zote zilikuwa na "lakini" katikati. Kulikuwa na viatu vingi nje. Aliyefungua alikuwa msichana mrefu, mwenye vyuma vya meno, simu mkononi. Nilijua ni Imani kabla hajasema. Alinisalimia kwa Kiingereza, kwa adabu, akaniuliza mimi ni nani wa bibi yake. Hakukumbuka kitu. Nilikuwa nimebeba siku ile miaka yote, na mwenye siku yake alikuwa hana habari nayo. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha sasa ambacho kinatosha, kwamba mimi na bibi yake tulikimbia pamoja.

Akanipisha. Wimbo ulikuwa unaendelea. Wanawake walikuwa mikekani kama ilivyo, na niliwatambua karibu nusu yao, wamezeeka, na wao wakanitambua. Hakuna aliyeinuka. Nikasimama pale mlangoni na koti langu, mimi mwenye nyumba Buffalo, kama mwombaji. Kisha mdogo wake Mama Ombeni, Mama Aline, akajikokota akasimama. Mwaka ule alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwangu, na binti yake chini ya kifua. Akaja mpaka mbele yangu. Tukagusana vichwa, kulia, kushoto, kulia, akanikumbatia, na wakati analia kwenye bega langu nikahisi mkono wake wa kulia unashuka taratibu ndani ya koti, unazunguka kiuno, unapapasa mkunjo wa kitenge kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile. Zamani ningeusukuma mkono wa namna hiyo. Nikainua viwiko kidogo, ili upate nafasi ya kupita.